Maji ya magotini: shajara ya kinamasi cha korongo taji, Trans Nzoia

Sisi ni majirani tunaolima na kuchunga kando ya kinamasi kimoja katika kaunti ya Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya. Tunaandika kwa ajili ya yeyote mwenye kinamasi kama chetu, ambacho korongo taji, ndege wakubwa wenye kishungi cha dhahabu kichwani, bado wanajaribu kuzalia. Gharama zote ni kwa shilingi za Kenya. Viota viko sehemu gani hatutasema, na sababu yake iko kwenye maandishi ya Julai 2023.

21 Januari 2023: Hesabu ya kiangazi

Mahindi yameshavunwa, ng'ombe wako kwenye mabua, na korongo wamejikusanya makundi makundi. Ni wakati rahisi wa kuwaona, lakini pia ndio unaodanganya zaidi. Anayepita barabarani akakuta makumi yao wakiokota punje shambani atasema korongo wamejaa tele. Wengi wa hao ni wageni waliotoka vinamasi vya mbali, na wamo vijana ambao hawajapata mwenzi. Mvua ikinyesha, kundi litavunjika na kila jozi itarudi kwenye eneo lake, ilinde mipaka yake na kufukuza wengine. Kwa kazi hii tunazihesabu jozi zinazobaki. Kundi la kiangazi tunaliandika pembeni tu.

Wako korongo wa Ulaya ambao kila mwaka huruka hadi Ethiopia kukimbia baridi ya kwao. Korongo taji hana safari ndefu ya namna hiyo. Yeye huzunguka na mvua: maji yakikauka hapa atakwenda kule, punje zikiisha kule atarudi huku. Ndiyo maana vinamasi vidogo vina uzito kwake. Saiwa, hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe, swala wa vinamasini, ina ukubwa wa takriban kilomita tatu za mraba tu, na majirani zake wa Kipsaina wamekuwa wakitunza korongo na kinamasi tangu miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya korongo wa kaunti yetu wanaishi nje ya hifadhi, katikati ya mashamba ya watu.

Hesabu ya kwanza tuliifanya mchana, kila mmoja na upande wake. Haikufaa kitu. Pikipiki ikipita, kundi linaruka na kutua shamba la pili, na mwenzako analihesabu upya. Tukahamia jioni, kwenye miti wanayolala. Kati ya aina 15 za korongo duniani, korongo taji wa kijivu na yule mweusi ndio pekee wanaoweza kushika tawi na kulala mtini, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kirefu. Ukisimama mahali pamoja kuanzia saa kumi na mbili kasoro, ukaandika wanaoingia na upande wanaotoka, unapata idadi ya kuaminika na pia unajua wanashinda wapi.

Gharama: darubini ya mtumba 8,500, daftari na kalamu 300. Walimu wawili na waendesha bodaboda kadhaa wamekubali kutupigia simu wakiona kundi kubwa kati ya Kitale na Cherang'any. Hao hawalipwi, tunawawekea salio tu.

18 Machi 2023: Maji yanatokea wapi

Tumeutembea ukingo wote. Mitaro imechimbwa miaka mingi, mingine na wazazi wetu: wa kukausha shamba la nduma, wa sukuma wiki, wa nepia ya ng'ombe. Kila mmoja peke yake ni mdogo, lakini yote inaishia kwenye mtaro mkuu mmoja, na huo unayashusha maji ya mvua kabla ndago hazijapata nafasi ya kuota.

Korongo taji anahitaji maji yanayofika kama magotini, yenye ndago, matete au nyasi ndefu za kumficha akiwa ameinama. Dume na jike hukanyaga mimea na kuivuta hadi ikawa jukwaa la mviringo juu ya maji. Mayai huwa mawili au matatu, mara chache manne. Wanaatamia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na makinda hukaa ardhini kati ya miezi miwili na mitatu kabla ya kuruka. Kwa hiyo maji yakitulia wiki tatu halafu yakakauka, hujamsaidia. Mbwa na fisi watavuka kwa miguu mikavu hadi kwenye kiota.

Sheria iko upande wetu. Kanuni za mwaka 2009 za usimamizi wa ardhioevu na kingo za mito zinataka kati ya mita 6 na 30 ziachwe kando ya mto. Wapo waliopendekeza twende moja kwa moja kwa maafisa. Kikao kilikataa, na mimi naona kilikataa kwa haki. Nduma hizo ndizo zinazolisha nyumba mwezi wa Mei, wakati ghala ni tupu na mahindi bado mabichi. Mzee mmoja mwenye shamba la chini alituambia, "Mkifunga maji nduma zangu zikaoza, nyinyi mtakuwa mmekwenda kutazama ndege, na mimi nitakuwa na watoto wasio na chakula." Tukakubaliana tuanze na mtaro mkuu peke yake, chini ya mashamba yote.

Tumeufunga kwa viroba vya udongo, urefu wa kifua. Gharama: magunia ya mtumba 40 kwa 25 kila moja, jumla 1,000. Chakula cha waliofanya kazi 2,400. Nguvu ya mikono ilikuwa ya bure.

6 Mei 2023: Viroba vimekwenda

Mvua kubwa ya usiku mmoja mwishoni mwa Aprili ilitosha. Maji yalijaa nyuma ya viroba, yakatafuta pembeni, yakakata ukingo wa udongo na kufungua njia mpya pana kuliko mtaro wenyewe. Asubuhi ukuta ulikuwa bado umesimama katikati huku mto ukipita kando yake. Kabla ya kukata, maji yalikuwa yamerudi juu na kufunika nusu ya nduma za yule mzee, kama alivyosema.

Tulimlipa 3,000 kutoka mfuko wa kikundi kabla hajadai. Naandika hili kwa makusudi, kwa kuwa anayetaka kuiga kazi yetu atenge fedha hizo mapema. Bila malipo yale, mradi ungekufa siku hiyo.

Fundi mmoja wa mabwawa ya samaki alikuja kutazama, akatuonyesha makosa matatu. Ukuta ulikuwa mmoja na mrefu, kwa hiyo ulibeba uzito wote. Haukuingizwa ndani ya kingo. Na haukuachiwa mahali pa maji kupita juu yake.

Tumejenga upya kwa namna nyingine. Badala ya ukuta mmoja kuna vizuizi vidogo vinavyofuatana kama ngazi, kila kimoja kimo cha goti. Vigingi vya mti vimepigwa safu mbili, katikati tumeshindilia udongo wa mfinyanzi pamoja na mabonge ya nyasi yenye mizizi, na ncha zote mbili zimezikwa hatua mbili ndani ya ukingo. Katikati ya kila kizuizi tumeacha mkato mpana, wenye kina cha kiganja, uliotandikwa mawe, ili maji yakizidi yamwagike hapo na si pembeni. Kizuizi cha juu kabisa tumekipima kwa kamba na mpira wa maji ulio wazi pande zote mbili, kuhakikisha mkato wake uko chini ya mizizi ya nduma za mwisho. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya mpira.

Gharama: vigingi 60 kwa 50, jumla 3,000. Mawe tulikusanya. Mpira wa kupimia 450. Fundi alikula nasi na kukataa malipo.

22 Julai 2023: Utepe mwekundu

Maji yalikaa. Mwishoni mwa Mei ndago zilikuwa zimepita kiuno, na jozi moja ikaanza kuita kila alfajiri, sauti ile nzito inayotoka kifuani. Wiki chache baadaye tuliwaona wakikanyaga.

Jukwaa lao lilikuwa na upana wa hatua moja. Jike, au dume, maana kwa macho huwezi kuwatofautisha, alisimama katikati akazunguka polepole huku akivuta ndago kwa mdomo na kuzilaza chini ya miguu, halafu akapanda juu yake na kuzikandamiza. Mwenzake alisimama pembeni, shingo juu. Mayai yalikuwa ya buluu iliyopauka, tayari yana madoa ya matope kutokana na miguu yao.

Furaha ikatuponza. Baadhi ya wanakikundi walifunga utepe mwekundu kwenye vigingi kuzunguka kiota ili wachungaji wasipitishe ng'ombe. Kila mgeni aliyekuja alipelekwa kuona. Baada ya siku kadhaa kulikuwa na njia iliyokanyagwa kutoka ukingoni hadi kwenye utepe, nyeupe kabisa, hata usiku unaifuata. Asubuhi moja kiota kilikuwa kitupu. Hakukuwa na maganda wala manyoya, na kwa njia ile iliyokanyagwa tunaamini ni mkono wa mtu. Jozi ile ilisimama pale siku mbili, kisha ikahama.

Mayai huchukuliwa kwa kula, kwa dawa, na mara nyingine ili yaanguliwe chini ya kuku na kinda auzwe kufugwa kama pambo la bustani. Biashara hiyo ya ndege hai ni moja ya sababu kubwa za kupungua kwa korongo taji, pamoja na kukaushwa kwa vinamasi. Mwaka 1985 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 barani Afrika. Zaidi ya nusu wametoweka tangu wakati huo, na mwaka 2012 waliingizwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumchukua mnyama wa porini bila kibali, lakini sheria haikai kinamasini usiku.

Utaratibu mpya tangu leo:

Hakuna alama yoyote karibu na kiota. Hakuna anayekwenda kiotani, hata mwenyekiti. Tunatazama kutoka mteremko wa juu kwa darubini, na anayetaka kujua kama ndege anaatamia asubiri zamu ya kubadilishana. Ng'ombe wanazuiwa mbali, kwenye mlango wa malisho, kwa makubaliano na wachungaji wenyewe. Hao wachungaji, ambao ni vijana wa miaka kumi na minne hadi ishirini, sasa ndio walinzi. Wanalipwa 1,000 kwa mwezi kila mmoja kwa miezi ya kuzaliana, na 1,500 zaidi kikundi chao kizima ikiwa makinda yatatoka salama. Malipo ya mwisho hayategemei nani aliona nini, yanategemea makinda, kwa hiyo hawana sababu ya kuvutana wala kufichana.

11 Novemba 2023: Mvua za El Niño

Mavuno yamekuwa ya taabu. Mahindi yanaoza kwenye mabua kwa sababu mvua za Oktoba hazikukatika. Kinamasi kimejaa kuliko mzee yeyote anavyokumbuka kwa mwezi huu.

Vizuizi vimestahimili. Kimoja kilikatika ncha, ile tuliyozika hatua moja tu kwa sababu ya jiwe. Vingine vyote maji yamepita juu ya mikato kama yalivyopangiwa.

Kiota, hata hivyo, hakikustahimili. Jozi ya upande wa pili ilitaga kwa kuchelewa, mwishoni mwa Septemba. Maji yalipopanda walijaribu kuongeza ndago juu ya jukwaa. Tuliwatazama wakifanya hivyo siku nzima, mmoja akiwa amelala juu ya mayai na mwingine akimletea majani mdomoni. Maji yaliwashinda mbio.

Swali lililotusumbua ni kama vizuizi vyetu ndivyo vilivyowazamisha. Tulilinganisha na sehemu ya kinamasi iliyo chini ya vizuizi vyote: huko nako maji yalipanda karibu sawa. Lakini kabla ya mvua kubwa kufika, mikato miwili ilikuwa imezibwa na magugu ya maji, na kwa siku hizo maji ya juu yalipanda haraka kuliko ya chini. Hilo tungeweza kulizuia. Mikato yote imepanuliwa na kushushwa kidogo, na wachungaji wameongezewa kazi ya kutoa magugu kila Jumatatu na baada ya kila mvua kubwa. Kinachomuua korongo kwenye kiota ni kasi ya maji kubadilika. Maji mengi yaliyotulia anayamudu.

Gharama: mawe ya nyongeza na usafiri wa mkokoteni 1,800.

24 Februari 2024: Mikaratusi

Hii imetuchukua vikao vingi kuliko kitu kingine chochote.

Ukingo wa kaskazini una safu ya mikaratusi iliyopandwa makusudi kukausha, na inafanya kazi hiyo vizuri mno. Tulikuwa tumekubaliana na wenye miti waikate yote, wauze nguzo, halafu tupande miti ya asili. Bei ya nguzo ilikuwa nzuri na kila mtu aliridhika. Ni wale waliohesabu jioni za Januari waliosimama kupinga: mikaratusi mirefu ya katikati ndiyo miti wanayolala korongo. Ukiikata yote kwa mkupuo, umewapa maji na kuwanyima kitanda.

Tumefikia hivi. Miti iliyo ndani ya maji na karibu na chemchemi inakatwa sasa na visiki vinachomwa visichipue. Mirefu minane ya katikati inabaki hadi miti mipya ifikie kimo cha kulala ndege, hata ikiwa ni miaka kumi. Wenye miti hiyo minane wanapewa mzinga mmoja wa nyuki kila mmoja kama fidia ya kungoja. Katikati tunapanda mizambarau ya mwituni na migunga, ambayo haikaushi chemchemi na ina matawi mapana.

Miche ya asili ilikufa kwa wingi mwanzoni. Ilipandwa Novemba ikazama, ikapandwa tena Januari ikaunguzwa na jua na kuliwa na mbuzi. Iliyoshika ni ile iliyokaa kitaluni hadi ikafika kimo cha goti. Kwa hiyo kitalu kitunze miche mwaka mzima kabla ya kuitoa.

Gharama: miche 300 kwa 20, jumla 6,000. Mizinga minane ya Langstroth (ya masanduku yenye fremu) kwa 5,500, jumla 44,000, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote na ililipwa kwa harambee na sehemu ya fedha za nguzo. Asali bado.

11 Mei 2024: Mahindi machanga

Korongo anapenda mbegu iliyolowa na chipukizi linalotoka. Jozi moja inaweza kufuata mstari na kung'oa shina baada ya shina asubuhi nzima. Mkulima aliyenunua mbegu na mbolea kwa mkopo hawezi kuambiwa avumilie. Mwaka uliopita, kwenye kinamasi cha jirani, korongo walikutwa wamekufa shambani, na punje zilizokuwa kando yao zilikuwa zimepakwa dawa ya wadudu. Ndege mmoja aliyekufa kwa sumu mwezi wa Aprili ni kiota kilichokwisha, maana mwenzake peke yake hataweza kuatamia.

Tumejaribu sanamu za nguo kuukuu: korongo walizizoea ndani ya siku chache. Utepe wa kaseti unaolia kwa upepo ulidumu kidogo zaidi. Kilichofaa kweli ni mtu, lakini mtu kwa muda gani? Kwa kutazama tuligundua hasara karibu yote hutokea tangu mbegu ianze kuchipua hadi mmea uwe na majani manne au matano, na ndani ya siku hutokea alfajiri na jioni. Hapo mlinzi anakuwa si wa miezi, ni wa wiki tatu.

Jambo la pili lilikuwa kupanda pamoja. Aliyepanda wiki mbili kabla ya wenzake ndiye anayeliwa yote. Mwaka huu wenye mashamba ya ukingoni wamepanda ndani ya wiki moja, na walinzi watano wamezunguka mashamba yote badala ya kila mmoja kukodi wake. Kila mkulima amechanga 400. Hakuna aliyeripoti kuweka dawa.

Shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo watoto wako nyumbani hadi Jumatatu. Tulihofia viota. Badala ya kuwafukuza, wamama wa kikundi waliwapa kazi ya kufukuza ndege mashambani, na jioni uji na viazi vitamu. Watoto hao sasa wanajua korongo wanalala wapi kuliko sisi.

31 Agosti 2024: Makinda

Kiota cha Mei kimetoa makinda wawili. Siku ya pili baada ya kuanguliwa walikuwa tayari nje, wakiogelea nyuma ya wazazi kati ya ndago, wa rangi ya kahawia na njano, wadogo kuliko ngumi. Mwezi mzima hatukuwaona vizuri, nyasi tu zikitikisika.

Mwanafunzi mmoja alimwokota mmoja wao kando ya njia akidhani ametelekezwa, akamleta kwenye sanduku la sabuni. Alirudishwa saa ile ile mahali alipookotwa, na watu wote wakaondoka hadi mteremko wa juu. Wazazi walichelewa, kisha mmoja akaja akikanyaga nyasi kwa nguvu kama anavyofanya akitafuta panzi, na kinda akatoka. Kinda akilelewa nyumbani huwa hawezi tena kuishi na wenzake, na wengi hukatwa mabawa. Rwanda, ambako serikali na shirika lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana waliwakusanya korongo waliokuwa wakifugwa majumbani na hotelini, wale wasioweza kuruka tena ilibidi wajengewe makazi yao, Umusambi Village, mjini Kigali. Wenzetu wanaofikiria kulea makinda waanze kwa kuyajua hayo.

Wiki hii wote wawili wameruka, mwendo mfupi na wa kuyumba, wakatua kwenye shamba la nduma. Wachungaji wamelipwa 1,500 yao.

Kazi iliyobaki kabla ya mvua za mwakani: kuna mitaro miwili upande wa mashariki ambayo wenyewe wameomba ifungwe kwa vizuizi vya ngazi, baada ya kuona nepia ya jirani haikukauka Januari. Vigingi vimekatwa kutoka ile mikaratusi na viko chini ya mti wa mwenyekiti. Tunaanza Desemba, mahindi yakishatoka shambani, na tutamaliza kabla jozi hazijaanza kuita.